Mtoto Niliyempa Jina la Mama Yangu

Jumamosi, 4 Oktoba 1986

Kitabu hiki amenipa mwanangu Otim. Amesema, "Mama, wewe uko na maneno mengi. Andika mengine, masikio yangu yapumzike." Basi naandika.

Mimi ni Waithira wa Skuta, hapa Nyeri. Nilisoma mpaka darasa la nne, na la nne la zamani lilikuwa kitu, si kama haya ya sasa. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Otim alikuja mwaka wa sabini na mbili, mtoto wa miaka kumi hivi, amekimbia mauaji ya Uganda pamoja na mjomba wake. Walipanga chumba nyuma ya kwangu. Mjomba akafa kwa kifua, mtoto akabaki amekaa mlangoni. Nikamwambia ingia. Mimi Mkikuyu, yeye Mwacholi. Tukakutana katikati kwa Kiswahili kibovu, na katikati hapo ndipo tumekaa mpaka leo.

Leo ni mwalimu. Mwalimu wa cheti, si wa kubahatisha. Watu wananiita Mama Otim kabla hawajafika karibu, na mimi sigeuki mara moja, nangoja waite tena wengine wasikie.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua kidogo. Kahawa zimeanza kuwa nyekundu upande wa juu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo niseme habari ya watoto, kwa maana ndio wamemaliza unga wangu.

Vita vimeanza tena kwao Otim, kaskazini ya Uganda. Mwezi uliopita alipanda lori la kanisa mpaka Busia kupeleka nguo, akarudi bila nguo na watoto nyuma ya lori. Wengine wamepotezana na wazazi njiani, wengine hawajui kama wana wazazi. Sitaandika ni wangapi. Kwetu watoto hawahesabiwi, ni kuwaitia mabaya. Niseme tu kwamba debe la uji linaisha kabla mimi sijaonja.

Otim amekodisha vyumba viwili kwa mshahara wake. Akina mama wa kanisa wameleta blanketi. Lakini wanaolala kwa nyumba yangu ni wasichana, na mdogo wao, wa miaka sita hivi, alinishika leso siku ya kwanza na hajaiachilia. Ana alama ya moto mkono wa kushoto. Huyo nimemwita Wakonyo.

Nieleze. Sisi Wakikuyu msichana wa kwanza anaitwa kwa jina la mama ya mume, wa pili kwa jina la mama ya mke. Mimi nilizaa Kabura, yule ameolewa Kangari, akaitwa mama ya mume wangu marehemu. Halafu tumbo likafunga. Kwa hivyo mama yangu Wakonyo, aliyenilea akibeba kuni kutoka msituni, alikufa bila kuzaliwa tena kwa nyumba yangu. Dada zangu wote wamemzaa. Mimi tu. Harusini wananiambia, "Waithira, umemwacha mama nje ya mlango."

Sasa yuko ndani. Anakula viazi.

Otim hakupenda. "Mama, huyu ana jina. Anaitwa Akello."

"Najua ana jina. Sasa ana mawili. Mtu akiwa na koti mbili utamlilia?"

"Hata mimi ulitaka niwe Wamae."

"Na ukakataa! Ng'ombe akiitwa anageuza kichwa, wewe hata hicho ulininyima. Ningekuita Wamae, jina la mtu mkubwa, baba ya mume wangu. Mtoto wa jeuri."

Akacheka, akaenda kupasua kuni. Alizipasua nyingi kuliko tunazohitaji.

Jumanne, 14 Oktoba

Ndama amekula soksi ya mwalimu. Moja tu. Nyingine anaivaa na ya rangi tofauti, na shule nzima inamcheka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Watoto wote shambani kuchuma. Shamba letu si kubwa lakini miti yangu inazaa kuliko ya watu wenye maneno makubwa. Wakonyo nimemfunza: nyekundu ichume, kijani iache. Kila anapopata nyekundu anakimbia kunionyesha moja moja, ananiita bibi kwa Kikuyu, "Shosho, hii? Shosho, na hii?" Nimejibu mpaka koo imekauka.

Sokoni kuna maneno. Ati wageni wasio na karatasi watakusanywa warudishwe mpakani. Nani amesema, hakuna anayejua, lakini kila muuza nyanya anasema. Nimeogopa. Jioni nimemkalisha Wakonyo kwa kiti kidogo.

"Unaitwa nani?"

"Wakonyo."

"Wa nani?"

"Wa Waithira."

"Kwenu ni wapi?"

"Skuta, Nyeri."

Nikamwambia mtu yeyote akiuliza, jibu ni hilo, hata akiwa na kofia ya serikali. Akapata kiazi. Tumerudia mara nyingi, ana akili kama mimi.

Kisha nikaenda kwa jirani yangu Ngendo. Ngendo ni mtu wa mdomo lakini ukimpa kazi anaifanya. Nikamwambia, "Mtu akija hapa kuuliza watoto wa Uganda, hawako."

"Hawako wapi? Si nawasikia wakiimba?"

"Hawako, Ngendo."

"Basi nimekuwa kiziwi," akasema.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua usiku kucha na mchana. Foleni ya kiwandani ndefu, nimechambua kahawa juu ya gunia nikiwa nimelowa mpaka mifupa.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeenda kwa duka la Rasik kununua kitambaa cha gauni ya Wakonyo. Mke wake, Sarla, alitoa kile cha maua ya njano akapima kwa mkono mrefu, akaongeza kipande bila kusema. Akamuuliza mtoto, "Jina lako?" Mtoto akajibu yote mpaka Nyeri, bila kuulizwa hayo mengine. Sarla akanitazama. Mimi nikatazama vifungo.

Jioni nimemvalisha. Ametoka nje kuzunguka kama bibi arusi. Mama yangu hakuwahi kuvaa nguo ya njano maisha yake yote.

Jumatano, 12 Novemba

Nimetoka shambani na watoto, nimekuta Ngendo amesimama kwa lango langu, mikono kiunoni, uso unang'aa.

"Mama Otim, nipe zawadi. Leo nimekufanyia kazi."

"Kazi gani?"

"Amekuja mwanamke. Mrefu, mweusi sana, viatu vimekwisha. Kiswahili cha Uganda. Ananiuliza, 'Mama, nimeambiwa hapa kuna mwalimu wa kwetu na watoto. Natafuta msichana, Akello, aliyefuata mapacha, ameungua mkono wa kushoto.' Mimi nikamwambia, Akello? Hilo jina silijui. Hapa ni Wakikuyu tupu mpaka kule mtoni. Akauliza tena, nikamwambia, dada, unaniunguzia maharagwe yangu jikoni. Akasema asante. Akaenda."

"Alisema yeye ni nani?"

"Ati ni shangazi yake. Wote si hujiita shangazi? Mimi sikudanganyika."

Wakonyo alikuwa nyuma yangu anamfukuza ndama. Hakusikia.

Nimemshukuru Ngendo. Nimempa kabeji.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimechuma kahawa.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimechuma kahawa. Wakonyo amekohoa kidogo, nimempa maziwa na asali. Asali anaipenda. Shangazi mwenye viatu vilivyokwisha angemnunulia asali wapi?

Jumamosi, 15 Novemba

Kiwandani mpaka jioni. Otim ameniuliza kwa nini nimenyamaza. Nimemwambia ni jino.

Jumapili, 16 Novemba

Baada ya kanisa mvua ilitufungia jikoni. Watoto walikuwa chumba cha pili wanaimba. Otim alikuwa anapiga viatu vyake rangi, akasema shule zikifungwa anarudi Busia.

"Tena? Hata hujapumzika."

"Natafuta watu wao, mama. Kila jioni nakaa na hawa watoto, mmoja anasema jina la kaka, mwingine jina la mlima. Nikifika mpakani nauliza. Akello ana shangazi anaitwa Laker. Walipotezana Tororo, lori moja liliondoka na mtoto, shangazi ameshuka kutafuta maji. Mtu aliniambia huyo mama alivuka kuja Kenya. Nitamtafuta hata kama ni nyumba kwa nyumba."

Nikageuza sufuria ambayo haikuwa na kitu ndani.

"Na usipompata?"

"Nitauliza tena." Akaweka kiatu chini. "Unakumbuka nilivyokuwa naenda steji kila Jumamosi?"

Nakumbuka sana! Alikuwa hajafika hata begani kwangu. Mimi nilikuwa naambia watu, huyu anapenda gari, atakuwa dereva wa basi kubwa. Nilijisifu sana na hilo basi.

"Sikuwa naangalia gari," akasema. "Nilikuwa nasimama pale mabasi ya Nairobi yanaposhusha watu. Kila dereva, kila turniboi wa kupakia mizigo, namwambia: naitwa Otim, ukikutana na mtu wa kwetu Kitgum mwambie niko Nyeri. Wengine walinipa ndizi, wengine walinifukuza. Mama, ningekuwa Wamae, ningesema nini? Nani huko angejua Wamae ni nani?"

Miaka kumi na minne namlea, na hilo sikujua.

Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka vibaya. Nikasema amekuja. Amefika hapa langoni na Ngendo amemfukuza, na mimi ndiye nilimwambia Ngendo afukuze watu.

Otim hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Lini?"

"Jumatano."

"Leo ni Jumapili, mama."

"Najua."

"Ulijua Alhamisi. Ukajua Ijumaa."

"Otim, ni mama yangu. Amekuwa ndani ya nyumba yangu kwa miezi miwili tu. Wewe unafikiri mimi ni mbaya?"

Akachukua koti langu kwa msumari, akanipa. "Si mbaya. Vaa. Twende kwa Ngendo atuambie alielekea wapi."

Ngendo alipoelewa alilia kwa sauti kubwa, akasema atanirudishia kabeji. Nikamwambia, "Ngendo, nyamaza, hiyo kabeji nilikupa kwa haki, ulifanya nilichokutuma." Alikumbuka tu kwamba mwanamke alishuka njia ya mjini.

Jumatatu, 17 Novemba

Otim alikuwa na mitihani ya darasa la saba la shule yake, hakuweza kutoka. Nikashuka mjini mimi. Nimeuliza kanisani, nimeuliza wauza viazi, nimeuliza mwanamke anayechoma mahindi, ambaye aliniuliza kwanza mimi ninamtafuta wa nini. Nilinunua hindi, nikaendelea.

Mwisho nikaingia kwa Rasik.

"Mwanamke mrefu wa Uganda?" Rasik akasema. "Sarla! Njoo! Yule rafiki yako wa Kampala!"

Sarla akatoka nyuma ya pazia. Wao ni Wahindi waliofukuzwa Kampala mwaka wa sabini na mbili, mwaka ule ule wa Otim wangu. Akasema mwanamke aliingia kununua sindano na uzi mweusi, wakaongea Kiganda mpaka Rasik akakasirika kwamba wateja wanangoja.

"Si kukasirika," Rasik akasema. "Nilikumbusha tu."

"Aliniambia amekosa mtoto Nyeri," Sarla akasema. "Anaenda Kerugoya, ameambiwa kuna hoteli nyuma ya soko inatafuta mpishi. Apate nauli, arudi kwao." Halafu akanitazama kama siku ile ya kitambaa. "Mama Otim, yule wa gauni ya njano?"

"Yule."

Alimgeukia mume wake. "Pikapu inaenda Kerugoya Jumatano na blanketi?"

"Inaenda."

"Basi iende na mama na mtoto."

Rasik akainua mikono. "Apande, apande. Mafuta ni yale yale, hata akibaki."

Jumanne, 18 Novemba

Nimefua gauni ya njano. Haikauki kwa ukungu huu, nimeikausha juu ya makaa nikiishika kwa mikono. Mtoto ameniuliza tunaenda wapi. Nimesema kutembea. Akauliza, "Kuna viazi?"

Jumatano, 19 Novemba

Naandika nikiwa nimechoka, lakini nitaandika yote.

Tulitoka kabla ya jua, mimi, mtoto, na blanketi za Rasik. Barabara ilikuwa matope baada ya Karatina, tulikwama mara mbili, nikashuka kusukuma, na dereva atashuhudia kwamba bila mimi tungekuwa huko bado. Mtoto alilala juu ya blanketi.

Hoteli ni ya mabati, nyuma ya soko la Kerugoya. Mwenyewe akatuonyesha uani. Mwanamke alikuwa ameinama anasugua sufuria kwa majivu. Viatu vile vile, ameshona kwa uzi mweusi.

Aliinua kichwa. Alimwona mtoto kabla hajaniona mimi. Sufuria ilimtoka mkononi. Akasema neno kwa Kiacholi, sauti ndogo, kisha akalisema tena.

Mtoto akageuka akanitazama mimi. Akasimama wima kama nilivyomfunza, mikono chini, akasema:

"Naitwa Wakonyo, wa Waithira, kwetu ni Skuta, Nyeri."

Alisema vizuri sana. Hakukosa hata neno. Halafu akanitazama tena kuona kama kuna kiazi.

Huyo mama alikaa chini kwenye maji ya sufuria. "Mama," akaniambia kwa Kiswahili, "mtoto amenisahau?"

Nilikuwa na jibu tamu kinywani. Ningesema ndiyo, amesahau, ni mdogo, afadhali abaki alipozoea. Angeniamini. Mtu aliyekaa ndani ya maji machafu anaamini chochote.

"Hajasahau," nikasema. "Amefunzwa. Mimi ndiye nimemfunza. Niliogopa atachukuliwa."

Nikapiga magoti mbele ya mtoto. Nikamwambia mchezo wetu umekwisha, sasa sema lile jina la kwenu. Akafunga mdomo. Alidhani namtega. Nilimtega mara nyingi jioni zile, nikijifanya askari, na akisema lile jingine nilikuwa namnyima kiazi. Hilo sikuwa nimeliandika hapa.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wakonyo ni mama yangu mimi. Nilikupa umshikie. Sasa nirudishie."

Akafikiri. "Na mimi nitabaki na nini?"

Ni shangazi aliyejibu. Hakumgusa, alibaki pale pale chini, akauliza kwa Kiswahili ili hata mimi nisikie: "Wewe ulimfuata nani tumboni?"

Mtoto akatazama miguu yake. "Apiyo na Acen."

"Hao ni nani?"

"Ni mapacha."

"Na kwetu mtoto anayefuata mapacha anaitwa nani?"

Alisema polepole, huku ananitazama kama nitakataa. "Akello."

"Akello," nikasema mimi. Ulimi wangu uliitamka kama Akero, lakini niliitamka. Hapo ndipo akaniachilia leso, akaenda.

Waliongea Kiacholi muda mrefu, na mimi nilimaliza kusugua hiyo sufuria kwa sababu mwenye hoteli alikuwa anachungulia. Baadaye Laker aliniambia mapacha wako hai, wako kwa masista Tororo, wanamngoja yeye na mdogo wao. Nilimwambia njooni Skuta kwanza, kahawa bado iko mitini, na Otim atawavusha mwenyewe mpaka Busia shule zikifungwa. Akasema, "Nilikuja kwako mara moja, mama. Nilifukuzwa."

"Njoo mara ya pili," nikasema. "Nitakuwa langoni mimi mwenyewe."

Alifikiri mpaka dereva akapiga honi. Kisha akafunga nguo zake kwa leso.

Alhamisi, 20 Novemba

Laker anachuma haraka kuliko Ngendo. Nimemwambia Ngendo. Wameanza mashindano, kahawa yangu inafaidi.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimemwita Wakonyo kwa kusahau. Hakuitika. Mwana wa jeuri, kama Otim. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumamosi, 29 Novemba

Wameondoka na basi la asubuhi, Otim, Laker na Akello. Gauni ya njano imekuwa fupi kwa magoti tangu nilipoifua, nimeshusha pindo usiku. Sikulia steji. Nililia baadaye, kwa banda la ng'ombe, mahali pasipo na mtu wa kuniita Mama Otim.

Jumapili, 30 Novemba

Dada yangu mkubwa amekuja kutoka Mukurwe-ini, ameuliza, "Sasa mama yuko wapi? Umemrudisha nje?"

Nimemwambia, "Mama alikuwa mtu wa kubeba mtoto wa mwenzake mpaka kwao. Amembeba huyu, amemfikisha. Wewe akina Wakonyo wako waliozaliwa wamebeba nani?"

Alikunywa chai yake kimya. Kumnyamazisha huyo si jambo dogo.

Jumatano, 10 Desemba

Kahawa ya mwisho. Mikono yangu imepasuka.

Jumamosi, 13 Desemba

Otim amerudi jana, sikukuu ya Jamhuri, akiwa na watoto wengine. Akello amewaona mapacha. Anasema walimkimbilia wakaanguka wote watatu, na shangazi juu yao.

Miongoni mwa hawa wapya kuna mvulana mdogo sana, miaka mitatu labda, hasemi kitu. Alipatikana sokoni Malaba, hakuna anayemjua. Anakaa karibu na jiko, kikombe cha uji mikononi, macho makubwa.

"Mama," Otim amesema, amechoka, anavua viatu, "huyu hana jina hata moja. Mpe lolote la kumwitia kwa sasa. Hata Wamae. Sitakasirika."

Wamae! Nimeisubiri ruhusa hiyo miaka kumi na minne.

Nimemtazama mtoto. Paji la uso ni la mtu mkubwa, lingebeba hilo jina vizuri.

"Analo," nikasema. "Liko ndani. Hajaamua bado kama sisi ni watu wa kuambiwa."

"Na kwa sasa utamwita nani?"

"Sitamwita. Nitaenda alipo."

Nikavuta kiti kidogo, nikakaa karibu naye, nikamwambia langu kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mgeni na mimi ndiye mwenye nyumba. "Mimi ni Waithira," nikasema. Akanitazama. Nikasema tena, polepole. Akaninyooshea kikombe niongeze uji.

Nimeongeza. Kesho nitamwambia tena.